Kifuniko cha Boti ya Faiba Kinabonyea: Dalili, Chanzo na Matengenezo

Malalamiko huja kwa maneno tofauti. Mmoja anasema kifuniko cha shimo la samaki kinacheza akikikanyaga. Mwingine anasema kinalia kwa chini kama dafu bovu. Wa tatu hasemi kitu, anakuonyesha tu barafu aliyopakia magharibi ikiwa imekwisha kabla ya alfajiri. Ukivigeuza vifuniko vyenyewe, vingi vina ugonjwa mmoja: maji yalipita kwenye tundu la skrubu, yakakaa ndani, kisha akatokea mtu akabandika mati (mkeka wa nyuzi za faiba) juu bila kuuliza yaliingilia wapi.

Maelezo haya ni ya vifuniko vya boti za faiba za uvuvi za pwani yetu: cha shimo la barafu, cha stoo ya nyavu, cha chumba cha mashine, na vile vidogo vya omoni. Uzuri wa kifuniko ni kwamba kinatoka. Unakipeleka chini ya mwembe, unakilaza juu ya meza, unakifanyia kazi kikavu. Sitaha haina upole huo, ndiyo maana kazi ya kifuniko mvuvi mwenye mikono mizuri anaiweza, na ya sitaha mara nyingi haiwezi.

Kwanza ujue kilivyojengwa

Kifuniko kigumu na chepesi huwa na ngozi mbili za faiba, ya juu na ya chini, na katikati kiini. Kiini kinaweza kuwa plaiwudi, mbao nyepesi ya balsa, au foamu. Ngozi moja moja ni nyembamba, milimita mbili au tatu. Ugumu hautoki kwenye ngozi, unatoka kwenye umbali kati ya ngozi hizo mbili. Kiini kikioza au ngozi ikiachana nacho, umbali huo hauna kazi tena, na unabaki umekanyaga bamba la milimita tatu.

Kuna vifuniko vingine, hasa vya boti za bei nafuu, visivyo na kiini kabisa. Ni faiba tupu ya tabaka kadhaa. Hivyo navyo hubonyea, lakini dawa yake ni tofauti kabisa, na ukikosea hapo mwanzoni utachimba kutafuta mbao ambayo haikuwahi kuwamo.

Vipimo vya kufanya kabla ya kushika grinda

Toa kifuniko, kioshe kwa maji ya kisima, kikaushe, kigeuze. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, ugonge uso mzima, juu na chini, kila baada ya upana wa vidole viwili. Mahali pazima pana sauti kali na kavu. Palipoachana au palipooza pana sauti nzito, ya kufa. Zungushia kalamu mipaka ya sauti nzito. Ukimaliza utakuwa na ramani, na mara nyingi ramani hiyo inaanzia kwenye bawaba au kwenye pete ya kunyanyulia. Angalia tu kwamba mahali penye mbavu au bolti sauti hubadilika pia, na hilo si ugonjwa.

Kisha toa skrubu moja kutoka sehemu inayobonyea. Ikitoka na unga mweusi uliolowa au harufu ya mbao iliyooza, umeshapata jibu. Ikitoka kavu na safi, usifurahi mapema. Jaribu ya pili, ya upande wa chini wa mwinuko, maana maji hukusanyika huko.

Cha tatu, nyanyua. Plaiwudi ya milimita 12 yenye ukubwa wa sentimita 80 kwa 60, ikiwa kavu, ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi, mbali na faiba. Kama kifuniko ambacho kijana alikuwa akikifungua kwa mkono mmoja sasa kinataka watu wawili, tofauti hiyo ni maji.

Dalili ya kwanza: kinabonyea ukikanyaga

Nimepanga sababu kuanzia ile inayotokea zaidi. Lakini anza kukagua na ile ya mwisho katika orodha, kwa sababu haigharimu kitu.

*Kiini kimelowa na kuoza.* Ndiyo sababu ya vifuniko vingi vinavyoletwa. Plaiwudi ya kawaida ya samani haikutengenezwa kwa maji. Gundi yake inaachia, tabaka zinafunguka kama kitabu. Hata ile ya baharini inaoza ikikaa kwenye maji yasiyopata pa kutokea. Dalili: sauti nzito eneo kubwa, uzito, maji ya kahawia kwenye matundu. Hapa hakuna njia ya mkato. Nenda sehemu ya kubadilisha kiini.

*Ngozi imeachana na kiini kikavu.* Hutokea kifuniko kikiangushwa, kikipigwa na nanga, au pale aliyekitengeneza alipobakisha hewa chini ya ngozi. Sauti ni nzito lakini skrubu zinatoka kavu na uzito haujazidi. Eneo likiwa dogo, la ukubwa wa kiganja, unaweza kuliokoa kwa sindano: toboa matundu ya milimita 5 kwenye ngozi ya chini tu, kila sentimita tatu, yasifike ngozi ya juu, ingiza epoksi nyepesi (aina ya rezini, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) kwa bomba la sindano hadi ianze kutokea kwenye matundu ya jirani, funika na nailoni, weka ubao bapa na mfuko wa mchanga juu yake hadi kesho. Tumia epoksi, usitumie poliesta, ile rezini ya kawaida ya kujengea faiba. Poliesta husinyaa ikikauka na haishiki mbao kwa nguvu.

Nataka nionye kuhusu sindano hii, kwa sababu imekuwa mtindo. Watu wanaitumia kwenye kiini kilicholowa, wakiamini rezini itasukuma maji nje. Haisukumi kitu. Maji yanabaki, rezini inaganda juu yake, na sasa kazi iliyokuwa ya siku mbili imekuwa ya siku nne, maana kuna vipande vigumu kama jiwe katikati ya uozo.

*Ni faiba tupu, na ilikuwa nyembamba tangu kiwandani.* Mwenye boti atakuambia kilikuwa hivyo hivyo tangu ananunua. Wengi huongeza mati juu, moja baada ya nyingine. Kwa kweli unene ukizidi mara mbili ugumu huzidi mara nane, lakini na uzito nao unazidi mara mbili, na rezini ni pesa. Mbavu zinafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Chukua bomba la plastiki la inchi moja na nusu, lipasue katikati kwa urefu, ulaze nusu yake upande wa chini wa kifuniko, mdomo ukiwa umeangalia faiba. Mbavu mbili au tatu zinatosha kwa kifuniko cha upana wa sentimita 60. Funika kila ubavu kwa mati tatu zinazotambaa sentimita tano kila upande juu ya faiba iliyokwanguliwa. Bomba lenyewe halishikani na poliesta, wala halihitaji kushikana; ni kalibu tu, nguvu iko kwenye faiba inayolizunguka. Ziba ncha zake, la sivyo zitakuwa makazi ya maji na mende. Na ishia sentimita kadhaa kabla ya ukingo, usije ukagundua kazi imekwisha na kifuniko hakikai mahali pake.

*Foamu imepondeka.* Hutokea kwenye vifuniko vya shimo la barafu ambavyo watu hukaa, hukata samaki na kurukia. Foamu laini haina uwezo wa kubeba kisigino. Inabonyea mahali pamoja, duara dogo, wakati pengine pako sawa. Unakata duara hilo kutoka chini, unaweka kipande cha foamu ngumu au plaiwudi, unafunga.

*Kifuniko ni kizima, ukingo unaokibeba ndio mbovu.* Hii ndiyo niliyosema uikague kwanza. Laza kifuniko juu ya mbao mbili bapa, ukikanyage. Kama hakibonyei hapo na kwenye boti kinabonyea, tatizo liko kwenye mdomo wa shimo: mpira umeliwa upande mmoja, au ukingo wa sitaha wenyewe umelainika. Mpira unabadilisha. Ukingo ukiwa umelainika, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kumwita fundi.

Kubadilisha kiini kutoka chini

Kifanyie kazi kifuniko kikiwa kimepinduliwa. Upande wa juu una jelikoti yake (tabaka la nje lenye rangi na mng'ao), una ukwaru wa kuzuia kuteleza, una umbo, usiuharibu. Ukikata kutoka chini, makosa yako hayaonekani na mtu hayakanyagi.

Kilaze juu ya meza bapa kweli kweli. Kikilala kimepinda, kitaganda kimepinda, na hapo hakuna kurudi. Weka grinda yenye diski nyembamba, ukate ngozi ya chini pembeni ukiacha ukingo wa sentimita mbili hadi tatu kuzunguka. Kata ngozi tu. Ukisikia grinda inazama, umeshafika kwenye mbao, punguza. Ingiza patasi bapa, unyanyue ngozi. Ikitoka nzima, itunze, unaweza kuirudisha.

Sasa chimba. Palipooza panatoka kwa mkono. Palipo pazima panataka patasi na nyundo. Usiache kipande kwa huruma. Mbao nyeusi ambayo bado ni ngumu itakuwa laini mwaka ujao. Ukimaliza, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili. Hatua hii huachwa sana, na chumvi iliyobaki huvuta unyevu siku zote. Halafu anika.

Utajuaje kwamba pamekauka? Gundisha kipande cha nailoni angavu kwa utepe pande zote nne, ukiache juani saa mbili. Ukikuta matone ya jasho chini ya nailoni, bado. Wakati wa masika hili linaweza kuchukua siku kadhaa, na hakuna ubishi nalo.

Kwangua upande wa ndani wa ngozi ya juu kwa msasa namba 40 au 60 hadi mng'ao wote uishe, pangusa vumbi, futa kwa asetoni na kitambaa safi. Kata kiini kipya kiingie kwa nafasi ya milimita mbili pande zote. Plaiwudi iwe ya baharini. Muuzaji akikuapia kwamba ni ya baharini, omba kipande kidogo, ukichemshe sufuriani saa tatu nne. Iliyo ya samani itafunguka tabaka mbele ya macho yako.

Neno kuhusu foamu nyeupe, ile ya kufungia televisheni na friji. Nilipokuwa najifunza kazi niliiona nyepesi, rahisi, ipo bure, nikaipanga vizuri ndani ya kifuniko na kuimwagia poliesta. Nilirudi baada ya kunywa chai nikakuta shimo. Styrini iliyomo ndani ya poliesta inaiyeyusha kama sukari kwenye maji ya moto. Ukiwa huna foamu nyingine, itabidi utumie epoksi, na hata hapo foamu hiyo ni ya kutunza baridi, si ya kubebea watu.

Paka plaiwudi rezini pande zote, hasa kwenye kingo zilizokatwa, maana mbao hunywa maji kwa ncha. Toboa matundu madogo kila sentimita kumi ili hewa ipate njia. Laza mati moja ya gramu 450 kwa mita ya mraba, iliyolowa rezini, kwenye ngozi ya juu, weka plaiwudi juu yake, sukuma hadi rezini itokeze kwenye matundu. Weka nailoni, kisha mifuko ya mchanga iliyoenea sawasawa. Si mawe mawili katikati.

Ikiganda, rudisha ngozi ya zamani juu ya mati nyingine iliyolowa, au jenga mpya kwa mati mbili. Ukirudisha ya zamani, kwangua kingo za mkato ziteremke polepole. Kipimo cha kawaida ni mara 12 ya unene, kwa hiyo ngozi ya milimita tatu inataka mteremko wa karibu sentimita tatu na nusu kila upande. Ukingo ulioachwa ukiwa mwembamba kuliko huo, tambaa hadi mwisho wake na uukunje kwenye ubavu wa kifuniko. Mkato uliozibwa bila mteremko ni mpasuko unaongoja siku yake.

Hesabu ya vifaa, kwa kifuniko cha sentimita 80 kwa 60: tabaka moja la mati ya gramu 450 lina uzito wa gramu 216, na mati hutaka rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Kwa hiyo tabaka moja ni nusu kilo ya rezini. Tabaka tatu na kupaka plaiwudi, nunua kilo mbili na nusu, na hadna yake, yaani dawa ya kuigandisha.

Hadna

Mafundi wengi humimina kwa macho. Baadhi wana macho mazuri. Wewe tumia mizani ndogo ya jikoni. Poliesta nyingi hutaka hadna asilimia 1 hadi 2 kwa uzito: kilo moja ya rezini, gramu 10 hadi 20. Gramu 10 ni karibu mililita 9. Kwenye joto letu anza na asilimia 1, na usishuke chini ya hapo hata kama inaganda haraka. Ikiwa haraka mno, koroga kiasi kidogo kidogo badala ya kupunguza hadna. Ukizidisha, rezini inachemka, inakuwa kahawia, inapasuka. Ukipunguza mno, haitakomaa kamwe, hata ukiianika mwezi.

Fanya kazi kivulini, na ikiwezekana alasiri joto likiwa linashuka. Asubuhi jua linapopanda, hewa iliyomo ndani ya mbao inatanuka na kutoboa mapovu kwenye rezini mbichi. Usiweke zaidi ya mati mbili tatu kwa mkupuo, na usifanye kazi kwenye umande.

Hadna ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Miwani ya kazi si mapambo. Ikitokea, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kusimama, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Na kama rezini uliyonunua inakuja na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) pembeni, usiikutanishe kobalti na hadna moja kwa moja kwa namna yoyote, hulipuka. Kobalti inakorogwa kwenye rezini kwanza, ikichanganyika kabisa ndipo hadna inaingia.

Dalili ya pili: maji ya kahawia yanachuruzika kwenye bawaba au pete

Umepata bahati. Umeambiwa maji yanapoingilia kabla kifuniko chote hakijaoza. Pengine bado hakibonyei.

Sababu ya kwanza ni skrubu zilizokazwa moja kwa moja kwenye kiini bila kuzibwa. Ya pili ni dawa ya kuziba iliyochoka. Ya tatu, nadra kidogo, ni ukingo wa kifuniko uliokwanguliwa na kamba au mnyororo hadi kiini kikawa wazi.

Toa bawaba. Gonga kwa sarafu kuzunguka matundu. Kama sauti nzito haizidi upana wa kiganja, kausha, kisha panua kila tundu mara mbili kwa keekee kubwa kutoka chini, bila kutoboa ngozi ya juu zaidi ya tundu lililokuwapo. Pinda msumari kama ndoana, uufunge kwenye drili, uzungushe ndani ya tundu uchimbe kiini sentimita moja hivi pande zote. Ziba tundu upande wa juu kwa utepe, jaza epoksi iliyokazwa kwa poda hadi iwe kama siagi ya karanga. Kesho yake toboa tundu jipya katikati ya epoksi. Sasa skrubu inapita kwenye plagi ngumu, na maji yakiingia hayakuti mbao. Bora zaidi, achana na skrubu kabisa, tumia bolti za chuma cha pua zenye washa pana kwa chini.

Dawa ya kuziba iwe ya polyurethani. Silikoni ya madirisha inaonekana inafaa, lakini ikishagusa faiba, hakuna rangi wala rezini itakayoshika hapo tena hadi uikwangue yote. Nimewahi kupoteza siku nzima nikiiondoa kwenye kifuniko kimoja.

Dalili ya tatu: mipasuko

Angalia umbo lake. Ikitawanyika kutoka sehemu moja kama utando wa buibui, kuna kitu kilidondoka hapo: nanga, timazi la mshipi, tenki la mafuta. Ikienda sambamba, au ikikaa kwenye kona, kifuniko kinapinda kikikanyagwa, na hilo linakurudisha kwenye dalili ya kwanza. Kuziba mipasuko ya kupinda bila kutibu kupinda ni kazi utakayoirudia kila msimu.

Fungua mpasuko mmoja kwa ncha ya patasi. Ukiishia kwenye jelikoti, upanue uwe kama mfereji, uzibe kwa jelikoti, upige msasa. Ukiingia kwenye nyuzi za faiba, kwangua mteremko na uweke mati. Jelikoti isiyotiwa nta haikauki uso ikiwa hewani. Itie nta yake, au uifunike kwa nailoni laini hadi iive.

Dalili ya nne: hakikai sawa, barafu inaisha

Anza na mpira. Ufute, uupake chaki, ufunge kifuniko, ufungue. Palipobaki chaki bila alama hapagusi. Mpira uliokufa hausogei ukiubonyeza. Kisha mifereji ya kutolea maji kuzunguka mdomo wa shimo: mara nyingi imejaa magamba na mchanga, maji yanapanda juu ya ukingo yanaingia ndani, na mtu anabadilisha mpira mara tatu wakati kilichotakiwa ni kijiti.

Baada ya hapo ndipo uangalie kama kifuniko kimejipinda. Weka rula ndefu kutoka kona hadi kona. Vifuniko vilivyopakwa rangi nyeusi au buluu iliyokoza hujipinda kwa jua kuliko vyeupe. Ukivua viatu saa saba mchana utaelewa kwa nini. Kilichojipinda kidogo hunyooshwa kwa mbavu zilizowekwa huku kimebanwa kwenye meza bapa. Kilichojipinda sana, tengeneza kingine.

Dalili ya tano: kiraka kinanata au kimebanduka

Hapa wanaoumia ni waliojitengenezea wenyewe, kwa hiyo niseme wazi.

Kunata siku ya pili, kama wembamba wa asali usoni lakini chini ni kigumu: rezini isiyo na nta, jambo la kawaida. Futa kwa asetoni, piga msasa, endelea. Kunata hadi chini, ukucha unazama: hadna ilikuwa kidogo, haikukorogwa vizuri, au rezini imekaa dukani kupita umri wake. Hakuna dawa. Kwangua yote. Kupaka tabaka lenye hadna nyingi juu yake hakuwezi kuivisha ya chini.

Kimebanduka kizima, kama gamba: uso haukukwanguliwa, au ulikuwa na nta, mafuta ya samaki au dizeli. Kwenye boti ya dagaa futa kwa sabuni na maji ya moto kabla ya msasa, maana msasa kwenye mafuta unayaingiza ndani. Sababu nyingine ni poliesta juu ya epoksi. Epoksi inashika juu ya poliesta, kinyume chake haiaminiki. Kama kiraka cha zamani ni epoksi, endelea na epoksi, na kabla ya msasa sugua uso wake kwa maji na kitambaa kikali uondoe ule utelezi unaojitokeza ikiganda.

Simama hapa, mwite fundi

Sarafu ikitoa sauti nzito kwenye sitaha nje ya mdomo wa shimo. Uozo umeshavuka kwenye muundo wa boti. Hapo kuna mihimili, na ukikata bila kujua unaondoa kinachoishikilia mbavu kwa mbavu.

Ukingo wa mdomo wa shimo ukiwa na mpasuko unaoshuka hadi sitaha. Wakati wa kusi maji yanayopanda sitahani yanaingia ngamani kwa njia hiyo, na boti yenye shimo la samaki lililojaa maji haihitaji wimbi la pili.

Kifuniko cha chumba cha mashine ya petroli, au kilicho juu ya tenki, kikiwa hakitoki. Usiwashe grinda hapo. Mvuke wa petroli unatuama chini na cheche moja inatosha. Hata asetoni yako mwenyewe, kwenye shimo lisilo na hewa, ni hatari hiyo hiyo. Usijenge faiba ukiwa umejifungia ndani ya shimo la samaki. Harufu ya styrini inakulevya kabla hujajua, na barakoa ya kitambaa haiizuii, inataka ile yenye vichujio vya kemikali.

Kifuniko kinachobeba winchi, kiti au mlingoti wa taa. Mahesabu yake si ya mtu mmoja kukanyaga.

Na kama boti inasubiri ukaguzi wa cheti, muulize mkaguzi kabla ya kubadilisha kitu kinachozuia maji, usimwonyeshe baadaye.

Kukirudisha

Acha saa 24 kabla ya kukikanyaga. Cha shimo la samaki kiache wazi, juani, hadi harufu ya rezini iishe kabisa, halafu kioshe kwa sabuni na maji ya moto, la sivyo changu wako watauzwa wakinuka duka la rangi. Jaribio langu ni hili: nakilaza juu ya mbao mbili, nasimama katikati, mtu mwingine anatazama kwa rula upande wa chini. Kisha namwaga ndoo ya maji juu ya bawaba zilizofungwa, nakigeuza baada ya nusu saa, napitisha kidole kwenye kila bolti.

Kopo la rezini iliyobaki limwagie mchanga, liweke mbali na boti, majani makavu na watoto. Likianza kutoa moshi usilibebe kwa mkono.